Willis Carrier: Mtu aliyeitia hewa adabu

Dada yangu mkubwa, ambaye kauli yake kwangu ni amri tangu tulipokuwa watoto, alinipa safari ya bara. Mwanawe, yaani mpwa wangu, anafanya kazi Noonkopir, pale mjini Kitengela katika Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara itokayo Athi River kuelekea Namanga. Kazi yake ni ufundi wa viyoyozi na vyumba vya baridi. Dada haipendi kazi hiyo. Kwa maoni yake, kijana aliyesoma hadi akapewa cheti hafai kushinda juani juu ya mabati, spana mkononi na mafuta hadi viwikoni. Bora arudi Mombasa atafute kazi ya kiti na meza. Nami nilifunga safari kwa nia ya kumrudisha.

Nilimkuta katika kiwanda kidogo cha uchapaji, chumba kirefu chenye mashine mbili za kuchapia mabango na kadi za arusi. Nje, ukutani, alikuwa amekifungua kiyoyozi kikuukuu na kukitoa kompresa, ule moyo wa mtambo unaoisukuma gesi, na pembeni ameweka nyingine mpya, ya namna isiyokwenda kwa mwendo mmoja. Nilimuuliza, kwa kebehi kidogo, kwa nini mwenye kiwanda asifungue madirisha, maana Noonkopir upepo ni wa bure na usiku watu hujifunika mablanketi. Akanijibu kwa adabu kwamba mtambo ule si wa watu, ni wa karatasi. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua kwa umri wangu wote, na mimi ni mtu wa magazeti: kwamba kiyoyozi cha kwanza cha namna tunayoijua leo hakikubuniwa kumstarehesha mwanadamu. Kilibuniwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji, na aliyekibuni aliitwa Willis Haviland Carrier.

Tangu siku ile nimemsoma mtu huyu. Leo nataka nikusimulie maisha yake, msomaji mpenzi, kwa kuwa ndani yake mna mazingatio kwetu sisi watu wa pwani, tunaolijua jasho kuliko wengi.

Matufaha ya mama

Carrier alizaliwa tarehe 26 Novemba 1876 katika familia ya wakulima, karibu na kijiji cha Angola, jimbo la New York nchini Marekani, si mbali na Ziwa Erie. Alikuwa mtoto wa pekee. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mwanamke mwenye mkono wa ufundi, na saa au cherehani ya nyumbani ikiharibika yeye ndiye aliyeitengeneza. Husimuliwa kwamba mtoto aliposhindwa na hesabu za sehemu, mama alimtuma alete matufaha kutoka ghalani, akayakata nusu, robo na thumuni, akamfanya ayajumlishe na kuyatoa mpaka fumbo likafumbuka. Carrier hakuisahau siku hiyo mpaka uzeeni. Alikuwa akisema kwamba hapo ndipo alipojifunza kulikata jambo kubwa vipande vidogo kabla ya kulikabili. Mama huyo alifariki kijana akiwa na umri wa miaka 11 tu.

Nyumbani fedha zilikuwa haba. Alifundisha shule kwa muda, akapata msaada wa masomo kuingia Chuo Kikuu cha Cornell, na hata huko alifyeka nyasi za watu na kuandaa meza za chakula ili apate masurufu. Alihitimu uhandisi mwaka 1901, akaajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge ya mji wa Buffalo, iliyotengeneza feni na mitambo ya kupasha joto. Mshahara wake wa kwanza ulikuwa dola 10 kwa wiki. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kubuni mitambo ya kukaushia mbao na kahawa. Aliona kwamba wahandisi wa wakati ule wakikisia tu: mtu huongeza bomba hapa, feni pale, akatumaini mema. Carrier hakupenda kubahatisha. Akaanza kupima na kuandika, na matajiri wake, kwa busara yao, wakamwachia nafasi ya kufanya majaribio.

Wino na unyevu

Mwaka 1902 likaja tatizo kutoka Brooklyn, New York. Kampuni ya uchapaji iliyoitwa Sackett-Wilhelms ilikuwa ikipiga chapa picha za rangi, na rangi zilikuwa zinakataa kukaa mahali pake. Asiyewahi kuingia kiwandani na aelewe hivi. Picha ya rangi haichapwi mara moja. Karatasi hupita chini ya mashine mara kwa mara, kila rangi na zamu yake. Nayo karatasi ni nyuzi za mti, hunywa unyevu wa hewa ikatanuka, na hewa ikikauka hunywea. Ikiwa leo umechapa nyekundu na kesho kukawa na fukuto, utakapoileta bluu karatasi si ya kipimo kile cha jana. Rangi hupishana, na uso wa mtu katika picha ukawa na midomo miwili.

Hapa naomba ruhusa niseme langu. Diwani yangu ya kwanza ilichapwa Mombasa katika miaka ya 1990, katikati ya kaskazi, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja. Jalada lilitoka na jina langu lina kivuli chekundu, kama lililoandikwa na mlevi. Niligomba mbele ya watu, nikamwita mchapaji mzembe, na kwa miaka mingi sikuitikia salamu yake vizuri. Mpwa wangu aliponieleza habari ya karatasi na unyevu, nilinyamaza kimya. Yumkini yule bwana hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la hewa yetu, na kiwanda chake hakikuwa na chochote cha kuizuia isipokuwa pangaboi.

Turejee kwa Carrier. Alikuwa na miaka 25 tu. Alifahamu kwamba kinachotakiwa si baridi peke yake, bali unyevu usiobadilika. Kila mtu wa pwani ameona gilasi ya sharubati yenye barafu inavyotokwa na jasho. Jasho lile halitoki ndani ya gilasi. Ni unyevu wa hewa ulioguswa na ubaridi ukageuka maji. Carrier alilichukua jambo hilo la mezani akalifanya mtambo. Hewa ipitishwe juu ya mabomba ya baridi, iache maji yake hapo, kisha iingie chumbani ikiwa na unyevu uliopimwa. Michoro yake ina tarehe ya 17 Julai 1902, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa kiyoyozi. Alitumia maji baridi ya kisima pamoja na kompresa ya amonia, na lengo lilikuwa unyevu wa asilimia 55 mwaka mzima.

Haki isemwe: hakuwa wa kwanza kutengeneza baridi. Nusu karne kabla yake, daktari mmoja wa Florida, John Gorrie, alitengeneza mashine ya barafu akitaka kuwaburudisha wagonjwa wa homa, akapewa hati ya ubunifu mwaka 1851. Alifariki mwaka 1855 akiwa amefilisika. Alilolifanya Carrier ni kuutawala unyevu, na kuutawala kwa hesabu.

Hesabu hiyo ilimjia zaidi kwenye kituo cha gari la moshi mjini Pittsburgh, mwishoni mwa mwaka ule wa 1902. Ulikuwa usiku wa ukungu mzito. Akitembea jukwaani kungoja gari, alitafakari kwamba hewa ile imeshiba maji kabisa, lakini kwa kuwa ni baridi, maji yenyewe ni machache. Basi mtu akiweza kuifanya hewa ishibe maji katika kiwango cha baridi anachokitaka, kisha akaipasha joto kidogo, ameupanga unyevu wake apendavyo. Wazo lilionekana la kichaa: kuikausha hewa kwa kuinyunyizia maji. Lakini maji baridi huvuta unyevu kama ile gilasi. Tarehe 2 Januari 1906 alipewa hati ya ubunifu wa mtambo huo. Jina la kiyoyozi kwa Kiingereza halikuwa lake. Lilitungwa mwaka huo huo na Stuart Cramer, mhandisi wa viwanda vya nguo. Mwaka 1907 mtambo wa Carrier ulivuka bahari hadi kiwanda cha hariri cha Yokohama, Japani. Na mwezi wa Desemba 1911 aliwasomea wahandisi wenzake mjini New York kanuni zake za joto, unyevu na umande. Mafundi wa leo, mpwa wangu akiwa mmoja wao, wangali wanatumia chati iliyotokana na kazi hiyo.

Kukubali kadari, kisha kufanya kazi

Usidhani njia ilikuwa nyeupe. Akiwa bado kijana pale Buffalo Forge, alipelekwa Crystal City, Missouri, kufunga mtambo wa kusafisha gesi katika kiwanda cha vioo. Mtambo ukafanya kazi lakini si kwa kiwango kilichoahidiwa. Alikosa usingizi, tumbo likamvuruga. Mwisho akajiuliza ni lipi baya kabisa litakalompata: matajiri wake watapoteza dola 20,000, na huenda yeye akapoteza kazi. Akalikubali hilo moyoni kama jambo lililokwisha kuwa, na alipokwisha kulikubali, akili ikatulia. Akarudi kupima, akaona kwamba kwa kuongeza vifaa vya dola 5,000 mtambo utatengemaa, na ukatengemaa. Dale Carnegie aliisimulia habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1948 juu ya kuacha wasiwasi. Sisi tuliokulia chuoni tunalijua somo hilo kwa jina jingine: mfunge ngamia wako, kisha utawakali.

Alilihitaji somo lile tena. Vita Vikuu vilipoanza Ulaya mwaka 1914, Buffalo Forge iliamua kuiacha biashara ya viyoyozi. Carrier na wahandisi wenzake sita walichanga dola 32,600 na mwaka 1915 wakaanzisha kampuni yao wenyewe. Mwaka 1922 alitoa mashine mpya ya baridi iliyozungusha gesi kwa nguvu ya mviringo badala ya pistoni, ndogo kuliko zile za zamani na salama kuliko amonia. Duka kubwa la J. L. Hudson la Detroit lilifunga tatu mwaka 1924.

Ndipo zamu ya wanadamu ikafika. Mwaka 1925 jumba la sinema la Rivoli, New York, lilikubali kufungiwa mtambo wake. Wakuu wa usalama wa mji walisita kwa sababu ya gesi yake, na husimuliwa kwamba Carrier aliimimina kidogo chomboni mbele ya mkubwa wao akaitia kiberiti, ikaungua polepole bila ya kishindo. Siku ya ufunguzi, mwishoni mwa Mei, watu waliingia na vipepeo vyao mkononi. Mtambo ulichelewa kuwashwa, ukumbi mzima ukawa unapepea. Kisha baridi ikaanza kushuka, na mkono mmoja baada ya mwingine ukatua magotini. Bwana Adolph Zukor wa kampuni ya filamu ya Paramount, aliyekuwa akitazama kutoka juu, alikiri kwamba watu watalipenda jambo hili. Miaka 23 ilikuwa imepita tangu Brooklyn. Karatasi ilitangulia kustareheshwa, mwanadamu akafuata.

Carrier aliona kampuni yake ikiyumba katika hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1930 na kuinuka tena, ikahamia Syracuse mwaka 1937. Aliwazika wake wawili, akaoa wa tatu, akalea watoto wawili wa kupanga. Moyo ulimsumbua, akastaafu mwaka 1948, na tarehe 7 Oktoba 1950 akafariki mjini New York akiwa na miaka 73. Amezikwa Buffalo, mji alioanzia kazi kwa dola 10 kwa wiki.

Deni alilotuachia

Kazi ya mtu haishii kaburini. Leo ukienda Madina, msikiti wa Mtume unaburudishwa kwa maji ya baridi yanayosukumwa kwa mabomba kutoka mtambo ulio umbali wa kilomita kama 7, na mahujaji wazee husali bila ya kuzimia. Kheri hiyo ina mkono wa Carrier ndani yake. Lakini ina na deni. Gesi zilizoenea katika viyoyozi kuanzia miaka ya 1930 zilikuja kugunduliwa, kuanzia utafiti wa mwaka 1974, kwamba huharibu tabaka la ozoni, na dunia ikafunga mapatano ya kuziondoa mjini Montreal mwaka 1987. Zilizofuata haziiharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia, na mapatano ya kuzipunguza yalifungwa jirani yetu, Kigali, Oktoba 2016. Tena kuna umeme. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba viyoyozi na feni hula karibu sehemu moja katika kumi ya umeme wote wa dunia. Tunajipoza ndani, na nje tunazidisha joto.

Hapo ndipo kazi ya mpwa wangu inapoingia. Kompresa ya zamani ina mambo mawili tu: kuwaka kwa nguvu zote au kuzimika. Kila inapowaka hunyakua umeme mara kadhaa ya kiasi chake cha kawaida, taa zikafifia. Ni kama nahodha asiyejua ila kutweka tanga zima au kulishusha chini. Nahodha mzoefu hulipunguza tanga upepo ukizidi na kulifungua ukipungua. Kompresa mpya hufanya hivyo. Bodi yake ya umeme hubadilisha mwendo wa mota, ikaenda kasi jua la saa nane likichoma mabati, na taratibu alfajiri ya baridi. Toshiba ya Japani ndiyo iliyotoa viyoyozi vya kwanza vya namna hiyo mwaka 1980 na 1981, miaka 30 baada ya kufa Carrier.

Na faida si stima peke yake. Kompresa ya kuwaka na kuzimika huipoza hewa upesi kisha ikalala, na ikilala haikaushi kitu. Inayokwenda polepole bila ya kukoma huyaweka mabomba katika baridi muda wote, na unyevu ukabaki pale pale. Hilo ndilo alilolitafuta Carrier kule Brooklyn. Noonkopir nako kuna kinyume cha taabu ya Mombasa: mvua zikiisha hewa hukauka mno, karatasi ikajikunja na kugandana kwa umeme wake. Kwa hiyo kijana alifunga pia chombo cha kurejesha unyevu, vile vile kama alivyofundisha mzee yule.

Nilimuuliza kwa nini wasinunue kiyoyozi kipya kizima. Akanionyesha: mifereji ya hewa mizima, feni nzima, koili nzima, kuvitupa ni israfu. Lakini hakunificha mipaka. Kompresa mpya lazima ipatane na gesi na mafuta yake, mafuta ya zamani yasafishwe, mlango wa gesi ubadilishwe uwe wa kujifungua kwa kipimo, na mabomba yakiwa mapana mno mafuta hayarudi kwenye kompresa ikienda polepole, ikafa mapema. Koili ikiwa imeliwa na chumvi, kama zilivyo nyingi za kwetu pwani, usihangaike, nunua nyingine. Na mahali ambapo mtambo unafanya kazi kwa nguvu zote usiku na mchana, mageuzi hayo hayaokoi kitu. Mteja hapaswi kudanganywa. Nilivyomsikia akisema hilo la mwisho, nilijua dada yangu amelea vizuri.

Jioni aliwasha. Sikusikia ule mshindo niliouzoea, ila mvumo mdogo uliopanda na kutulia. Mchapaji akapitisha karatasi ya rangi ya pili. Niliiinua kwenye taa, nikaitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kudhulumiwa na kudhulumu. Rangi zilikaa moja juu ya nyingine bila ya kivuli.

Nilirudi Mombasa peke yangu. Nilianza kwa mchapaji wangu wa zamani. Mzee sasa, anakaa barazani. Nilimtaka radhi, akacheka, alikuwa amelisahau jambo zamani. Kisha nikaenda kwa dada nikamwambia ukweli, kwamba kijana hakurudi kwa sababu mimi sikumwambia arudi. Alikaa kimya muda mrefu akijipepea kwa kipepeo chake cha ukindu. Ilikuwa kaskazi, na hakuna upepo uliopita kwenye uchochoro. Hatimaye aliniuliza kama nimesahau kwamba katika chumba chake kuna kiyoyozi cha marehemu mumewe, asichokiwasha kwa kuogopa gharama ya stima. Nikamwambia sikusahau. Akaniagiza nimuulize mwanawe atakuja lini, na aje na spana zake.